Picha Mbele ya Kiti cha Hakimu

Hii nililetewa na rafiki, naye aliletewa na shemeji yake, na shemeji hakusema aliitoa wapi. Nilijaribu kuipita kama ninavyopita nyingine, nikashindwa. Isome ukiwa umetulia. Na kama umekaa kwenye kiti, kaa vizuri, maana kisa chenyewe kimeanzia kwenye kiti.

Katika mji mmoja wa milimani, ule unaoamka na ukungu na kulala na ukungu, aliishi hakimu mstaafu aitwaye Mzee Singano. Ukungu wa kule hauna adabu. Huingia ndani bila hodi, hupita sebuleni ukatokea uani, na mtu akinywa chai hajui kama moshi anaouona ni wa kikombe chake au ni wa mlimani. Watu wa mji huo huongea polepole na huota sana, hata mchana.

Hakimu alikuwa mtu wa haki, hilo nisimnyime. Katika kazi yake hakula rushwa ya mtu. Lakini akishaamua, ameshaamua. Ukijaribu kumwambia neno aliinua kiganja na kusema, "Kesi hiyo imekwisha," nawe ulibaki na neno lako mdomoni kama mtu aliyeumwa jino.

Alikuwa na mke mmoja na binti mmoja tu, Mahija. Miaka ile ya zamani walikula wote watatu mkekani, kwenye sinia moja, na binti ndiye aliyekuwa akimchagulia baba yake mnofu. Nyumba ilikuwa na vicheko, nasikia hata majirani walivisikia.

Hakimu alimsomesha Mahija awe mwalimu, akamtafutia na shule ya kufundisha, karibu tu na nyumbani. Mahija akafundisha kidogo, kisha akasema anakwenda jijini kwenye karakana ya watu wanaochapa picha na kuzitia fremu. Alitaka kujifunza kazi hiyo, na alikuwa ameshaitaka tangu utotoni.

"Nimekusomesha uje upake rangi makaratasi?" baba yake akamuuliza.

"Baba, nisikilize kidogo tu."

"Kesi hiyo imekwisha. Ukivuka kizingiti hicho, mlango huu nimeufunga. Sitaki kuletewa salamu yako wala neno lako."

Mahija akalia, akabeba begi lake, akavuka.

Sasa sikiliza jinsi hasira inavyokula mpaka vitu ambavyo haikupewa. Hakimu alitangaza kwamba jina la binti huyo lisitajwe nyumbani kwake. Lakini kule, kama kwetu, mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake. Mkewe alikuwa Mama Mahija kwa kila mtu, sokoni, msibani, kisimani. Jina la mtoto lilipofungwa, na la mama likafungwa. Watu wakaanza kumwita "mke wa hakimu." Naye mume, aliyekuwa Baba Mahija, akabaki kuitwa Hakimu tu, hata na mkewe, hata kitandani. Watu wawili wakapoteza majina yao kwa siku moja, na hakuna aliyewapa pole.

Muda haukupita mrefu, mzee akastaafu. Wenzake wakachanga wakamtengenezea kiti cha mninga, kirefu, chenye mgongo ulionyooka na kibao cha kuwekea miguu. Alikipenda mno. Alikula akiwa juu yake, akasoma gazeti juu yake, akasinzia juu yake. Chakula chake kililetwa kwenye meza ndogo ya pembeni. Mkewe alikula pale chini mkekani, peke yake, sinia lililokuwa la watatu likiwa limebaki la mmoja.

Siku moja abiria aliyeshuka kwenye gari la kutoka jijini akaleta mzigo bapa uliofungwa kwa magazeti. Hakusema umetoka kwa nani, maana alikuwa ameonywa asiseme. Hakimu akaufungua mwenyewe.

Ilikuwa picha ya kuchapwa, ndani ya fremu nzuri isiyo na kioo. Ilionyesha nyumba ya bati kwenye mteremko, katikati ya ukungu. Hakimu akaijua mara moja. Ilikuwa nyumba yake, ngazi ileile iliyomeguka pembeni, kopo lilelile la maua, mlango uleule wa rangi ya buluu. Mlango ulikuwa umefungwa. Madirisha yalikuwa na giza. Hata komeo lilikuwa limechorwa, likaonekana zito.

"Amenirudishia maneno yangu," hakimu akasema. "Nilimwambia nimeufunga, naye ananijibu kwamba ameona. Haya. Hiki ni kielelezo."

Akaitundika ukutani mbele ya kiti chake, chini kidogo ya usawa wa macho, ili aitazame bila kuinua shingo. Kila mgeni aliyeketi kwenye makochi alionyeshwa. "Tazama watoto wa siku hizi," alisema. "Mzazi anatumiwa mlango uliofungwa." Wageni walitazama, wakaona mlango uliofungwa, wakatikisa vichwa.

Mkewe alijaribu mara moja. Alikuwa amekaa mkekani anachambua maharage, akainua uso, akasema, "Lakini Hakimu, ile picha mbona..."

Kiganja kikapanda. "Kesi hiyo imekwisha." Mkewe akarudi kwenye maharage yake.

Basi wakaishi hivyo, ukungu ukiingia na kutoka. Na mchana, hakimu aliposinzia kitini, ndoto ilikuwa ileile. Alijiona amesimama nje ya nyumba ya kwenye picha. Baridi inamchoma. Anabisha, "Hodi," na hakuna anayeitikia. Anabisha tena. Ndani anasikia sahani zikigongana na mtu akicheka kicheko anachokifahamu, lakini mlango haufunguki. Aliamka, akautazama mlango pale ukutani, akauona umefungwa vilevile, akazidi kumkasirikia mwanawe. Aliona hata usingizini mtoto huyu anamfungia.

Miaka ikapita. Kisha jirani yao, Mama Tunu, akapata harusi ya binti yake.

Unajua harusi zetu. Mtu haendi kukodi viti wakati majirani wanavyo. Asubuhi ya siku yenyewe Mama Tunu akaja na kundi la wanaume wenye nguvu.

"Shikamoo Hakimu."

"Marahaba, Mama Tunu. Mbona na jeshi? Nimekamatwa?"

"Tumekuja kukamata viti."

"Chukueni."

"Makochi pia. Na meza. Na hicho ulichokalia."

"Hiki?"

"Hicho ndicho hasa. Bwana harusi ni mfupi, Hakimu. Tunataka naye aonekane."

Hakimu alikohoa. Lakini kule hakuna mtu anayenyima kiti cha harusi, ni aibu inayokufuata mpaka kwenye shughuli yako mwenyewe. Akashuka. Kiti kikabebwa kichwani kikapotelea kwenye ukungu, miguu ikiwa juu.

Mama Tunu alipokuwa anatoka, akamgeukia mke wa hakimu. Alisema kwa sauti ambayo si ya kunong'ona wala si ya kutangaza.

"Mgeni wangu ameshafika. Anamsindikiza rafiki yake kwa mumewe, halafu anaondoka na gari la jioni. Safari hii anakwenda nje ya nchi kikazi, hajui atarudi lini. Nilisema nikwambie."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Mahija na Tunu walikuwa wamekua pamoja, wakipita kwenye upenyo uliokuwapo katika ua wa michongoma kati ya nyumba hizo mbili. Upenyo wenyewe ulikuwa umeachwa ukaota miiba.

"Umesikia, Hakimu?" mkewe akauliza.

"Nimesikia."

"Atakuwa hapo ng'ambo ya ua mchana kutwa. Huwezi kumwita?"

Na hapa ujue jambo moja. Kwa watu wale, mtoto aliyefungiwa mlango na baba hawezi kurudi kwa kuitwa na mama, wala jirani, wala shehe. Aliyefunga kwa kinywa chake ndiye anayefungua kwa kinywa chake. Mama angeweza kwenda kumkumbatia harusini. Kumleta nyumbani hakuweza.

"Aliyetuma mlango uliofungwa," hakimu akasema, "aitwe aje wapi?"

Mkewe akamtazama kwa namna ambayo hakuwa amewahi kumtazama. Hakukuwa na hasira katika macho yale. Alikuwa amemchoka, na hilo lilimuuma mzee kuliko hasira.

"Sawa. Nitakupakulia chakula, kisha mimi nakwenda. Na leo sikuombi ruhusa."

Hakimu akabaki sebuleni. Ungemwona ungemhurumia. Chumba kilikuwa kitupu, kimebaki mkeka na picha. Alisimama dirishani, akachoka. Akasimama mlangoni, akachoka. Akaegemea ukuta huu, kisha ule, kama mgeni aliyekuja kwenye nyumba ambayo hajakaribishwa. Ng'ambo ya ua ngoma ilianza, ikifika kwake nusunusu, ukungu ukiimeza na kuitapika.

Mkewe akaja na sinia la makande. Akatazama huku na huku, akakumbuka kwamba meza haipo, akaliweka mkekani.

"Itabidi ukae chini," alisema.

"Magoti yangu."

"Magoti yako ndiyo hayohayo uliyokuwa ukikalia zamani."

Hakimu akashika ukuta, akashuka taratibu, akilalamika kwa kila kiungo. Mwishowe akatua. Mkewe, ambaye alikuwa tayari amejifunga khanga ya kutokea, naye akakaa upande wa pili wa sinia, kidogo tu, kwa adabu ya kutomwacha mtu akila peke yake. Makande yalikuwa ya moto. Ukungu ukaingia na kuwazunguka. Hakimu akatia mkono kwenye sinia na mkono wake ukagusana na wa mkewe, akakumbuka mara ya mwisho walipokula pamoja. Akainua uso ili asionekane macho.

Na kule juu ukutani, mlango ulikuwa wazi.

Wazi kabisa. Komeo halikuwapo. Mwanga wa taa ulimwagika kutoka ndani mpaka kwenye ngazi iliyomeguka, ukungu wote ukawa na rangi ya asali. Ndani ya mwanga ule mkeka ulikuwa umetandikwa, sinia katikati, na mikono mitatu ilikuwa inaelekea kwenye sinia hilo. Mmoja ulikuwa na bangili. Mmoja ulikuwa mwembamba, wa msichana. Na mmoja ulikuwa na saa ya mkanda mpana, saa ileile iliyokuwa mkononi mwa hakimu wakati huo.

Alijua anaota. Akachovya kidole kwenye makande ili ajiamshe, kikaungua. Mlango ukabaki wazi.

"Mke wangu," alisema polepole. "Nani amebadilisha picha?"

"Picha gani?"

"Ile. Mlango umefunguka."

Mkewe akaacha kula. "Umefunguka lini?"

"Sasa hivi. Huuoni?"

"Nauona," akasema. "Nimeuona tangu siku ulipoitundika. Nikiwa hapa nachambua mchele, nikiwa hapa nashona, nikiwa hapa nakula peke yangu. Kila siku uko wazi. Nikiwa nimesimama na kazi zangu sikuwahi kuitazama." Akamgeukia mumewe. "Hakimu, mimi nilidhani na wewe unauona."

"Mimi nauona umefungwa. Nimewaambia watu wote umefungwa!"

"Nilikusikia. Nikasema moyoni, mtu huyu moyo wake ni wa namna gani? Mtoto amemchorea mlango wazi, amemchorea na mkono wake kwenye sinia, naye anautazama kila siku na kuwaambia watu umefungwa. Nilikuogopa. Kusema kweli, nilikuwa nimeanza kukuchukia."

Hakimu akainuka kwa kushika ukuta. Mlango ukafungwa. Akapiga magoti, akakaa. Ukafunguka. Akainuka tena, akakaa tena, magoti yakilia na yeye hayasikii, hata mtu angepita dirishani angedhani mzee amerukwa na akili. Mwishowe akaisogelea, akapitisha kidole. Karatasi haikuwa tambarare. Ilikuwa imekunjwa mikunjo midogo midogo, kama marinda ya sketi ya shule yaliyolazwa, moja chini ya jingine kutoka juu hadi chini ya fremu. Kila rinda lilikuwa na uso mmoja unaotazama juu na mwingine unaotazama chini. Uso wa juu ulikuwa na mlango uliofungwa. Uso wa chini ulikuwa na mlango wazi. Aliyekuwa juu aliona kimoja, aliyekuwa chini aliona kingine, na picha ilikuwa moja.

Maisha yake yote ya kazi alijivunia kwamba hajawahi kutoa hukumu kabla ya kusikiliza pande mbili. Alisimama pale kidole kikiwa juu ya marinda, akatokwa na machozi bila kujificha.

Ng'ambo ya ua honi ikalia. Lilikuwa gari la jioni, limewahi kwa sababu ya ukungu.

Hakimu hakutafuta viatu. Akatoka, akapita kopo la maua, akafika kwenye michongoma pale ulipokuwa upenyo wa zamani. Miiba ikamchana kanzu. Kule upande wa pili aliona vivuli tu, watu wakizunguka gari, mtu mmoja akipandisha begi. Akafungua kinywa amwite, na jina halikutoka. Lilikuwa limekaa ndani muda mrefu mno. Yule mtu aliyekuwa na begi akaweka mguu mmoja kwenye gari.

Ndipo hakimu akaita jina lililokuwa karibu zaidi, la mtu aliyekuwa akija mbio nyuma yake.

"Mama Mahija!"

Mkewe akasimama kama aliyepigwa. Kisha akaitika, kwa sauti ya miaka ile yote iliyopotea:

"Abee, Baba Mahija!"

Ngoma ikanyamaza. Wanawake wakanyamaza na vigelegele mdomoni. Kila mtu pale alijua maana yake. Mama hawezi kuitwa kwa mtoto ambaye hayupo. Jina lilikuwa limefunguliwa, na aliyelifungua ni yule aliyelifunga.

Begi likashushwa kutoka kwenye gari. Na kutoka kwenye ukungu akaja mwanamke mtu mzima, amevaa nguo ya msindikizaji wa bibi harusi, akasimama ng'ambo ya miiba.

"Hodi," akasema Mahija.

Hakimu alikuwa amesema neno hilo katika ndoto mara nyingi, na hakuna aliyewahi kumjibu. Akaikamata miiba kwa mikono mitupu akaitenganisha.

"Karibu," alisema. "Karibu, mama. Pita. Makande hayajapoa."

Gari likaondoka bila abiria wake. Walipoingia ndani Mahija akasimama katikati ya sebule, akaitazama picha, akashangaa.

"Baba, kumbe mliitundika? Mbona basi hukuniita?"

"Mimi niliuona mlango umefungwa siku zote. Sikuwa nakaa chini, mwanangu. Walinipa kiti."

"Kiti?" Mahija hakuwa anakijua kiti. Kilikuja yeye akiwa ameshaondoka. "Mimi niliikunja nikijua mnakula mkekani. Nilisema, baba akiingia atauona umefungwa, atakasirika. Lakini akishakaa kula, utafunguka. Ulikuwa umenikataza neno, baba. Nikatafuta njia ya kusema bila neno."

Mzee akashika ukuta. Akakaa mkekani, akamvuta mwanawe akakaa, na mkewe akakaa. Mikono mitatu ikaelekea kwenye sinia moja, wakala mpaka makande yakaisha.

Mahija aliondoka siku iliyofuata, kwa sababu kazi ni kazi, na baba yake ndiye aliyembebea begi mpaka kwenye gari. Kiti kiliporudishwa kutoka harusini, mzee akasema kiwekwe uani. Kuku wamekipenda sana. Na mgeni akiingia nyumba ile leo, hata awe mkubwa wa namna gani, Baba Mahija humnyooshea mkono mkekani na kumwambia, "Kaa hapa kwanza, ndipo utazame ukuta."

Ukimaliza kusoma, mpelekee yule ambaye jina lake umeacha kulitaja. Huna haja ya kuongeza neno.

Funzo: Kabla hujasema mwenzako amekufungia mlango, shuka kutoka ulipo, ukakae alipokaa yeye, ndipo utazame tena.